Mshahara wa Riyali, Deni la Shilingi

Siku hizi karibu kila kikundi kina mama au mzee ambaye mtoto wake anafanya kazi ng'ambo. Wako walio Saudia, Qatar na Dubai, na wako walio Uingereza na Marekani. Mwaka wa 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, pesa nyingi kuliko zile nchi yetu inazopata kwa kuuza majani chai. Pesa hizo zimelipa karo, zimelipa hospitali, na zimeezeka mabati nyumba nyingi vijijini.

Sasa watoto hawa wamesikia kwamba benki za hapa kwetu huwakopesha walioko nje pesa za kununua au kujenga nyumba. Anapiga simu: "Baba, nimepata nyumba ya kununua, lakini benki inataka mtu wa kunisimamia huko nyumbani." Au: "Mama, niazimeni taito ya shamba niwekee benki." Mzazi anafurahi, tena anaogopa. Anakuja kuuliza kikundi.

Makala hii ni ya kukusaidia kujibu. Mkopo wa nyumba si jambo baya. Wako waliokopa, wakalipa, na leo wana nyumba zao. Lakini mkopo wa mtu anayelipwa pesa za kigeni una hatari moja ambayo mkopo wa mwalimu au karani wa hapa hauna. Hatari hiyo tutaieleza kwa hesabu, polepole, ili kila mwanakikundi aifahamu.

MKOPO WA NYUMBA NI NINI?

Ni mkopo mkubwa wa miaka mingi, mara nyingi 10, 15 au 20. Nyumba yenyewe au shamba huwekwa rehani. Maana yake, benki inaandikisha haki yake juu ya taito katika ofisi ya ardhi, na haki hiyo haiondoki mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Ukishindwa kulipa, benki inaweza kuuza.

Katika Kenya nzima mikopo ya namna hii ni michache sana. Ripoti za Benki Kuu zimeonyesha kama 30,000 tu kwa benki zote, na sababu kubwa ni riba. Hebu tuone. Tuseme mtu amekopa shilingi 3,000,000 kwa miaka 15:

- Riba ikiwa asilimia 9 kwa mwaka, atalipa kama shilingi 30,430 kila mwezi.
- Riba ikiwa asilimia 14, atalipa kama shilingi 39,950 kila mwezi. Kwa miaka yote 15 atakuwa amelipa zaidi ya shilingi milioni 7.
- Riba ikiwa asilimia 17, atalipa kama shilingi 46,170 kila mwezi.

Tena mikopo mingi ya nyumba nchini ina riba inayobadilika. Mwanzoni mwa 2022 riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilikuwa imefika asilimia 13. Kuanzia Agosti 2024 ikaanza kuteremshwa. Riba ya msingi ikipanda, benki nayo hupandisha yake, hata kwa mtu aliyekopa zamani. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza benki ni hili: riba hii imefungwa kwa miaka mingapi, na baada ya hapo itapimwa kwa kitu gani?

KWA NINI BENKI HUMWOGOPA MTU WA NG'AMBO?

Kwanza, yuko mbali. Akiacha kulipa, benki haijui mlango wake.

Pili, kandarasi yake ni fupi. Kazi nyingi za Uarabuni ni za kandarasi ya miaka 2. Deni ni la miaka 15. Benki inajiuliza: mwaka wa 3 atalipa nini?

Tatu, analipwa pesa nyingine na anadaiwa pesa nyingine. Hili la tatu ndilo watu wengi hulisahau, na ndilo tutakaloliangalia sasa.

HESABU YA RIYALI

Riyali ya Saudia imefungwa na dola. Tangu 1986 dola moja ni riyali 3.75, na hawajaibadilisha. Dirhamu ya Dubai nayo imefungwa hivyo hivyo tangu 1997. Kwa hiyo mtoto aliye Saudia au Dubai, hata kama hajawahi kushika dola mkononi, mshahara wake unapanda na kushuka pamoja na dola kila anapoubadilisha kuwa shilingi.

Na dola imekuwa ikifanya nini hapa kwetu? Mwisho wa 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika kama shilingi 160. Watu waliogopa kwamba serikali itashindwa kulipa deni la nje lililokuwa linaiva Juni mwaka huo. Februari 2024 serikali ilipata mkopo mwingine wa kulipia lile deni, hofu ikaisha, na shilingi ikapata nguvu kwa haraka. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi kama shilingi 129.

Sasa chukua fundi wa stima anayelipwa riyali 3,000 kwa mwezi, ambaye deni lake la nyumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi.

- Mwisho wa 2021 riyali ilikuwa kama shilingi 30. Mshahara wake ni shilingi 90,000. Ili kulipa deni lazima atoe riyali 1,333.
- Januari 2024 riyali ilikuwa kama shilingi 42. Mshahara wake ni shilingi 126,000. Deni linamla riyali 952.
- Katikati ya 2024 riyali ilikuwa kama shilingi 34. Mshahara wake ni shilingi 102,000. Deni linamla riyali 1,176.

Angalia vizuri. Kati ya Januari na katikati ya mwaka huo, tajiri wake hakumpunguzia hata riyali moja. Kazi ni ile ile, jua ni lile lile. Lakini nyumbani mshahara wake ulipungua kwa shilingi 24,000. Hapa kijijini tulifurahi kwamba shilingi imepata nguvu, mafuta yakashuka bei. Kwa yule fundi, habari hiyo hiyo njema ilikuwa ni kukatwa mshahara.

Na kumbuka kwamba mwanzoni mwa 2024 ndipo riba nayo ilikuwa juu. Tuseme riba ya mkopo wake ilikuwa imepanda kutoka asilimia 14 hadi 17. Malipo ya mwezi yangetoka kama shilingi 40,000 hadi 46,170. Kwa riyali ya shilingi 34, hizo ni riyali 1,358. Nyumba iliyokuwa inamgharimu riyali 952 sasa inamgharimu karibu nusu ya mshahara wake. Chakula anakula nini? Mama anatumiwa nini?

KANUNI YA KUPIMA

Hapa ndipo penye neno kubwa la makala hii. Usipime mkopo kwa bei ya riyali ya leo. Pima kwa bei mbaya.

Fanya hivi:

1. Chukua mshahara wa msingi tu. Usihesabu ovataimu wala marupurupu, kwa sababu hayo huondolewa bila taarifa.

2. Ubadilishe kuwa shilingi kwa bei ya chini kabisa uliyoiona miaka michache iliyopita. Kwa riyali, tumia shilingi 30, hata kama leo ni zaidi.

3. Gawanya kwa 3. Fungu moja tu ndilo la deni la nyumba.

Kwa yule fundi: riyali 3,000 mara 30 ni shilingi 90,000. Fungu moja ni shilingi 30,000. Kwa riba ya asilimia 14 na miaka 15, shilingi 30,000 kwa mwezi inabeba mkopo wa kama shilingi 2,250,000. Huo ndio mkopo wake. Kama angepima kwa bei ya Januari 2024, angedhani anaweza kubeba shilingi 3,150,000. Hizo 900,000 za juu ndizo zingemwangusha.

Bei ikiwa nzuri, ile ziada isiliwe. Iwekwe kando mpaka ifike malipo ya miezi 6. Akiba hiyo ndiyo itakayolipa deni siku kandarasi itakapokwisha na mtoto yuko nyumbani akitafuta nyingine.

Na dada anayefanya kazi ya nyumbani kwa riyali 1,000 je? Mara 30 ni shilingi 30,000, fungu moja ni 10,000. Hiyo inabeba mkopo wa kama shilingi 750,000. Benki chache zitamsikiliza kwa mkopo wa nyumba wa kiasi hicho. Asivunjike moyo. Njia yake iko mbele katika makala hii.

JE, AKOPE KWA DOLA?

Benki zingine hukopesha kwa dola, na riba yake huonekana ndogo. Kwa mtu wa Saudia ni kweli kwamba mshahara na deni vitatembea pamoja, maana riyali imefungwa na dola. Lakini siku akirudi nyumbani kabisa na kuanza kupata shilingi, deni linabaki la dola. Malipo ya dola 300 kwa mwezi yalikuwa kama shilingi 33,900 mwisho wa 2021. Januari 2024 yalikuwa shilingi 48,000.

Wengine wameumia kwa jambo hili kabla yetu. Huko Hungaria, miaka ya kabla ya 2008, jamaa nyingi zilikopa pesa za nyumba kwa faranga za Uswisi kwa sababu riba ilikuwa ndogo, na huku mishahara yao ilikuwa ya forinti. Pesa yao ilipoanguka, deni likavimba, na wengi wakashindwa kulipa. Mwishowe serikali ilipitisha sheria mwaka wa 2014 ya kugeuza madeni hayo kuwa ya forinti. Mkopo wa dola una nafuu kwa yule tu atakayeumaliza akiwa bado analipwa pesa ya nje. Kama deni litamfuata nyumbani, afadhali liwe la shilingi.

KARATASI ZINAZOTAKIWA

Kila benki ina utaratibu wake, lakini mara nyingi huulizwa hizi:

- Kitambulisho, pasipoti na PIN ya KRA.
- Kandarasi ya kazi na barua ya tajiri.
- Hati za mshahara za miezi kadhaa, na taarifa ya akaunti ya benki ya miezi 6 hadi 12.
- Kibali cha kuishi na kufanya kazi katika nchi ile.
- Ripoti ya CRB ya hapa, na ikiwezekana ripoti ya mikopo ya nchi aliko. Deni la simu lililosahauliwa hapa Kenya linaweza kumzuia.

Shida kubwa ya watoto wetu ni kwamba wanalipwa benki lakini wanatuma pesa kidogo kidogo kwa simu, leo kwa mama, kesho kwa kaka. Benki ya hapa haioni chochote. Anayetaka mkopo baada ya mwaka mmoja afungue akaunti hapa leo, na kila mwezi aiwekee kiasi kile kile. Mwaka mmoja wa kuweka bila kukosa unasema zaidi ya barua ya tajiri. Tena unamfundisha mwenyewe kama ataweza.

Pia kuna pesa za kutoa kabla ya kupata nyumba. Benki hailipi bei yote, yeye hutoa sehemu, mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Ongeza wakili, mpimaji wa thamani na bima. Kwa nyumba ya mjini ya shilingi 3,000,000, ushuru peke yake ni 120,000. Bima ya mkopo hulipa deni mkopaji akifariki. Ulizeni kama inamhusu mtu akifia nje ya nchi, na mwandike jibu.

MTU WA KUSIMAMIA NYUMBANI

Mtoto aliye mbali atahitaji mtu wa kutia sahihi kwa niaba yake. Hutumia hati ya uwakilishi. Huko aliko, hati hutiwa sahihi mbele ya ofisa wa ubalozi wa Kenya au mthibitishaji anayekubaliwa kisheria, kisha hulipiwa ushuru na kusajiliwa hapa.

Hati hii ni kama kumpa mtu kisu. Kwa hivyo iandikwe kwa kazi moja tu: kununua nyumba fulani, ploti namba fulani. Isiseme "mambo yangu yote". Iwe na tarehe ya mwisho. Na anayetia sahihi asiwe ndiye anayeshika pesa. Pesa zitoke kwa mtoto ziende moja kwa moja kwa benki au kwa wakili, zisipitie mfuko wa ndugu. Si kwa sababu ndugu ni mwizi. Ni kwa sababu njaa na ugonjwa havibishi hodi, na pesa iliyo karibu ndiyo hutumika kwanza.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ploti, fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi mjue mwenye taito ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Kama ni shamba la kilimo, kuuza au kuweka rehani kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa yafike ndani ya miezi 6 tangu mapatano.

TAITO YA MZAZI

Sasa tufike kwenye lile ombi gumu. Mtoto anataka taito ya baba iwe rehani. Wazazi wajue mambo manne.

Moja: kama taito bado iko kwa jina la babu aliyefariki, haiwezi kuwekwa rehani. Lazima kesi ya urithi imalizwe kwanza.

Mbili: kama ni boma mnaloishi, sheria ya ardhi ya 2012 inataka mume au mke naye akubali. Mama asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa.

Tatu: shamba hilo si la mtoto mmoja. Waiteni ndugu zake wote, mzungumze, mwandike.

Nne: ulizeni kama benki haiwezi kukubali ile nyumba inayonunuliwa peke yake iwe rehani. Mara nyingi inawezekana. Benki ikisema nyumba hiyo haitoshi, huenda inawaambia kwamba mkopo ni mkubwa kuliko nguvu ya mkopaji.

MALIPO YAKIKWAMA

Benki haiuzi siku moja. Mtu akikaa mwezi mmoja bila kulipa, benki inaweza kumwandikia ilani ya kulipa, na inampa miezi 3 au zaidi. Asipolipa, inaandika ilani ya pili ya kuuza, siku 40. Kisha dalali wa mnada hutoa ilani yake ya siku 45. Muda huo wote mkopaji anaweza kulipa, au kuuza mwenyewe kwa bei nzuri, au kupatana na benki upya.

Lakini ilani hutumwa kwa anwani iliyo katika faili. Kama ni sanduku la posta la shule aliyosoma zamani, barua itakaa huko mpaka siku ya mnada. Kwa hivyo anwani, simu na barua pepe ziwe sahihi, na mtu wa nyumbani awe na ruhusa ya kupewa habari. Kazi ikiisha, mtoto aiambie benki kabla ya mwezi wa kwanza kupita. Kujificha humaliza njia zote za kupatana.

NJIA NYINGINE

SACCO iliyo na leseni ya SASRA mara nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba, na nyingi hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mwenye akiba ya shilingi 200,000 anaweza kupata 600,000: ploti mwaka huu, msingi na kuta mkopo ujao, mabati mkopo wa tatu. Hii ndiyo njia ya yule dada wa riyali 1,000. Lakini SACCO hutaka wadhamini. Wanakikundi mkimdhamini mtoto wa mwenzenu, akiba yenu ndiyo rehani. Mhesabieni riyali kwa bei mbaya kabla ya kutia sahihi.

Tena tangu 2020 kuna kampuni ya KMRC, ambayo huzikopesha benki na SACCO pesa za muda mrefu kwa riba nafuu, ili anayenunua nyumba ya bei ya kiasi alipe riba iliyo chini ya asilimia 10. Ulizeni benki au SACCO yenu kama inatoa mikopo hiyo, na kama mtu wa ng'ambo anakubaliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni watoto wangapi wa wanakikundi wetu walioko nje, na wanalipwa pesa gani?
2. Chukueni mshahara mmoja wa mfano. Upimeni kwa bei ya leo, kisha kwa bei mbaya. Tofauti ni kiasi gani?
3. Mtoto akirudi nyumbani mwaka wa 3, deni litalipwa na nani, na kwa pesa gani?
4. Je, taito za mashamba yetu ziko kwa majina ya walio hai?

Swali la tatu ndilo lijibiwe kwanza. Kama jibu ni "tutaona", mkopo huo ungoje.